Maji Aliyoyapangusa

Tangu alfajiri mbuzi alikuwa akilia kwenye nguzo ya uzio, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Mwalimu Zephaniah alikuwa ametoa amri hiyo mwenyewe: mbuzi akae hai mpaka Bwana Badawy apande kutoka Voi, amchinje kwa mkono wake na kisu chake, akilitaja jina la Mungu kwa jinsi anayoijua. Majirani wa Mbololo walipita njiani, wakamtazama mbuzi, kisha wakatazamana. Mwalimu wa kanisa mzima anamngoja Mwislamu aje amchinjie mbuzi! Mwaka wa 1924 haukuwa umeshuhudia kioja kama hicho pale mlimani, na wengine walipita mara mbili ili wakione vizuri.

Tryphena, binti pekee wa Mwalimu, hakuwa na habari na majirani. Alikuwa na habari na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Miraj, mwana wa Badawy, fundi cherehani aliyeketi barazani mwa duka la baba yake karibu na stesheni ya Voi.

Mambo yao yalianza kwa nguo za ubatizo. Kanisa lilitaka kanzu nyeupe thelathini, na Mwalimu akampelekea Miraj kitambaa. Wazee wa kanisa walinung'unika. Mwalimu akawajibu kwamba nguo ikishonwa vizuri Mungu hatauliza nani alikanyaga cherehani. Basi Miraj akapanda mlima na utepe wake wa kupimia, akawapima watu mmoja mmoja, mpaka zamu ya Tryphena ilipofika. Hapo akaukunja utepe na kuutia mfukoni.

"Wewe sikupimi kwa mkono," alisema akitazama chini. "Simama hapo mlangoni tu."

Akainua macho, akamtazama, akayashusha. Kanzu ilipoletwa ilimkaa Tryphena barabara, mabega hadi kifundo cha mguu. Baadaye sana, walipokwisha kuzoeana, alimuuliza alijuaje urefu wa mkono wake kwa kutazama mara moja.

"Nani kakwambia nilitazama mara moja?" Miraj alijibu, na Tryphena alicheka mpaka akajificha uso kwa leso.

Kucheka huko ndiko kulikomfikisha kwenye Jumamosi hii. Badawy alikuwa amekubali kuja kuposa. Shehe wa Voi alikuwa amesema dini yake inamruhusu kijana kumwoa binti Mkristo bila kumbadilisha. Baraza la kanisa halikuruhusu upande wake, lakini Mwalimu alikuwa amesema atasikiliza. Tryphena alijua kwamba akiolewa hatakaribishwa tena kwenye meza ya Bwana, naye alikuwa amelia juu ya jambo hilo kwa miezi mitatu, akamaliza. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, na asubuhi ile, akimmiminia baba yake maji ya kunawa, alikitoa.

"Baba, una hasira na mimi?"

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Nimekwambia sina, Tryphena. Nimeomba sana. Kama nilikuwa nayo, Bwana ameiondoa."

"Mama alikuwa akisema hasira ya mzazi inaweza kukaa moyoni hata mwenyewe asiijue. Halafu mtoto anaolewa, anazaa, na anazika."

Mwalimu aliacha kunawa. Mama yake Tryphena alikuwa amefariki miaka sita nyuma.

"Unataka nitase," alisema.

Kila Mdawida, yaani Mtaita wa milima ile, alijua neno hilo lilivyo zito. Mzazi anayetaka kuusafisha moyo wake huchukua funda la maji, au la pombe ya miwa iitwayo dengelua, akalipuliza taratibu kifuani pa mtoto huku akitamka maneno ya heri. Aliyelowa huondoka na amani; akiyapangusa maji hayo, ameikataa heri. Mwalimu Zephaniah aliiacha mila hiyo siku alipobatizwa, mbele ya watu wote, na tangu hapo alikuwa amewafundisha wengine nao waiache.

"Sikusema hivyo," Tryphena alidanganya.

"Mimi ndiye niliyewaambia watu waache. Nikitasa leo, kesho nitasimamaje mbele yao? Maombi yanatosha, mwanangu."

"Ndiyo, Baba."

Lakini ile "ndiyo" ilitoka nyembamba, na baba yake aliisikia.

Wageni walifika baada ya sala ya adhuhuri. Badawy alikuwa mtu mnene, amelowa jasho la mlima, kilemba kimemlegea. Hakuwa na miaka miwili tangu ahamie Voi kutoka Mombasa, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda Mbololo. Nyuma yake alikuwa dada yake Mwanamina katika buibui lake, amebeba halua na tende. Miraj alikuja mwisho. Alikuwa amevaa kanzu mpya aliyoitia darizi za hariri kifuani kwa mkono wake mwenyewe, na alipopita mlangoni aligeuza macho, yakakutana na ya Tryphena. Tryphena karibu aangushe bakuli la maziwa.

"Ndiye huyu?" Mwanamina alimnong'oneza Tryphena, akimshika kidevu. "Basi ndiyo maana juzi mwanetu kaishona kanzu ya mtu mikono yote miwili upande mmoja! Nami nikadhani macho yamemharibika."

Ndani ya nyumba walikuwa wamekaa wanaume wanne: Mwalimu, Badawy, Miraj, na Fanuel. Huyu Fanuel alikuwa mkuu wa baraza la wazee wa kanisa, rafiki wa Mwalimu tangu utotoni. Mwalimu ndiye aliyemwita, asije akasikia habari kwa watu. Maziwa yakanywewa, ndizi zikaliwa, wakajuliana hali. Badawy akaeleza shida yake kwa maneno mazuri ya kipwani, na alipomaliza Fanuel alikohoa.

"Mimi sina ugomvi na Bwana Badawy. Chumvi ninayokula ni yake. Ila nina swali moja. Watoto watakaozaliwa watakuwa wa nani?"

"Wa baba yao," alisema Badawy. "Wataka wawe wa nani?"

"Nilikuwa najua. Unasikia, Mwalimu? Mjukuu wako hatakaa kwenye benchi la kanisa lako. Watu watasema, tazama upole wake umemfikisha wapi. Umeruhusu watoto watano wa Kiislamu wa madukani wasome kwenye shule yetu bila kuimba nyimbo zetu, tukanyamaza. Nguo za ubatizo zikashonwa Voi, tukanyamaza. Sasa ni binti. Mwisho wake uko wapi?"

Tryphena alikuwa amesimama nyuma ya pazia na Mwanamina. Aliona mkono wa baba yake ukisugua goti, kama alivyofanya alipokuwa na wasiwasi.

"Fanuel," Mwalimu alisema polepole, "miaka minane nawaambia watu hapa kwamba kumpenda jirani si kumpenda yule anayefanana nami. Na ilikuwa rahisi kusema, kwa sababu jirani alikuwa kule chini Voi na mimi niko huku juu. Leo jirani amepanda mlima. Ameketi kwenye kiti changu, anaomba mtoto wangu. Nikigeuka sasa, basi miaka yote minane nilikuwa napiga kelele tu."

"Na imani yako?"

"Imani yangu iko palepale. Sijaambiwa niiweke chini. Bwana mwenyewe aliomba maji kwa mwanamke Msamaria kisimani, wala hakupungukiwa. Unadhani mimi siumii, Fanuel? Naumia. Nitamwona mjukuu wangu akielekea msikitini, na mimi nitaelekea kanisani, na moyo utauma kila mara. Lakini sitamfunga mtoto kwa kamba ili mimi nisiumie."

Badawy aliinamisha kichwa. Hakuwa ametazamia maneno kama hayo, na kwa dakika ile mtu angedhani mambo yamekwisha vizuri.

Kumbe Mwalimu hakuwa amemaliza. Ile "ndiyo" nyembamba ya asubuhi ilikuwa bado inamkera. Alimwita Tryphena atoke, akamketisha mkekani kando ya Miraj, kisha akaenda pembeni na kukichukua kibuyu cha maji ya chemchemi. Tryphena alipokiona kibuyu hicho, hapo hapo akajua. Alitaka kusema, "Baba, usifanye." Alitaka vilevile, kwa nguvu zake zote, afanye.

Mwalimu alichukua funda. Angeweza kutumia dengelua kama wazee wake, ila aliona pombe ni machukizo kwa mgeni na kwa kanisa, akachagua maji matupu. Alimpulizia binti yake kifuani, mara mbili, akasema kwa Kidawida kwamba kama ana hasira anayoijua na iondoke, na kama ana hasira asiyoijua na hiyo iondoke, mtoto aende kwa amani na azae kwa amani. Machozi yalimtoka Tryphena bila kupenda. Tangu mama yake afe hakuwa amejisikia mwepesi namna ile.

Kisha Mwalimu alimgeukia Miraj, akampulizia maneno na maji yaleyale. Matone yalitua kwenye kidevu chake na juu ya zile darizi za hariri.

Miraj alishtuka. Akamtazama baba yake. Akainua mkono, akapangusa kidevu, kisha akavuta mkono wa kanzu na kupangusa kifua, haraka haraka, mpaka maji yakaisha.

Tryphena aliuona mkono huo ukipita, na ndani yake kitu kikazimika. Alikuwa amejuana na kijana huyu zaidi ya mwaka, amemsimulia mambo ya mlimani yote, ila hili hakumsimulia. Aliona haya. Wenzake wa kanisa waliliita jambo la ushenzi, naye hakutaka fundi wa Voi amdhanie mshenzi.

Badawy alikuwa amekwisha simama.

"Mwanangu ametemewa mate!" Alimnyooshea Mwalimu kidole. "Mbele ya macho yangu! Tumetia udhu, tumesali, twaja nyumbani kwa mtu kwa heshima, naye amtemea mwanangu mate kifuani!"

"Siyo mate, Bwana Badawy. Ni baraka. Kwetu sisi..."

"Kwenu nyinyi! Mwalimu, mimi nilikuja kwa mtu wa Kitabu. Hivi ndivyo Kitabu chenu kisemavyo?"

"Hapana," alisema Fanuel kwa sauti ya chini, naye alikuwa amesimama vilevile, uso umemshuka. "Hakisemi hivyo. Zephaniah, umetasa. Wewe mwenyewe. Mke wangu alipotaka kumtasia mtoto mgonjwa, ulimkataza. Mtoto akafa, na mke wangu hajajisamehe mpaka leo. Na leo umetasa."

Mwalimu alibaki na kibuyu mkononi.

"Kaka, hebu ngoja," Mwanamina alisihi kutoka kwenye pazia. "Huenda ni mila yao. Uliza kwanza."

"Nimeona kwa macho yangu, niulize nini? Haya, twende zetu."

Waliondoka. Halua ilibaki juu ya meza. Miraj alisita mlangoni, akageuka, midomo ikafunguka, lakini Tryphena hakuwa akiutazama uso wake. Alikuwa akiutazama mkono wa kanzu uliolowa. Nje mbuzi aliendelea kulia kwenye nguzo, hakuna aliyemkumbuka.

Kesho yake, baada ya ibada, baraza liliketi, na Mwalimu hakukana kitu. Fanuel ndiye aliyesoma uamuzi, na alisoma akilia, maana hakuwa mtu mbaya. Mwalimu aungame mbele ya kusanyiko na kuahidi hatatasa tena. Akiahidi, abaki na shule yake, na wale watoto watano wabaki. Akirudia, shule atapewa mwingine, na watoto wa madukani warudishwe kwao, kwa kuwa itakuwa wazi kwamba upole wake haujui mpaka. Mwalimu aliahidi. Tryphena alimsikia akisema maneno hayo, na kila neno lilimchoma, maana alijua nani aliyemponza.

Jumatatu, jua likiwa la saa nne, Miraj alipanda mlima peke yake.

Alikuwa na kanzu ileile. Tryphena alimwona kutoka shambani, moyo ukamruka kama zamani, halafu ukaanguka. Aliporudi alimkuta uani amesimama mbele ya baba yake, kofia mkononi.

"Nimeuliza watu," Miraj alikuwa akisema. "Kuna bibi wa Mbololo huuza viazi pale Voi. Nimemweleza yote. Kanitazama, akaniambia, 'Mwanangu, ulipangusa?' Nikamwambia nalipangusa. Akaacha viazi vyake, akalia." Aligeuka akamwona Tryphena. "Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya kwangu mimi?"

"Kwako hasa."

Miraj alipiga magoti mbele ya Mwalimu, pale pale kwenye vumbi. "Baba hataki hata kusikia. Amesema nikioa huku nisimwite baba tena. Hilo nitalibeba mimi. Lakini wewe, Mwalimu, nakuomba, nifanyie mara ya pili. Sitapangusa. Wallahi sitapangusa."

Mwalimu Zephaniah alimtazama kijana huyo kwa muda mrefu. Kisha aliinuka na kwenda kukichukua kibuyu.

"Baba," Tryphena alisema. "Umeahidi jana tu."

"Najua nilichoahidi."

"Watachukua shule."

"Na waichukue. Mtu amerudi, Tryphena. Amepanda mlima huu wote kuomba heri kwangu. Nimnyime?"

"Na wale watano? Nani atawafundisha? Fanuel atafunga mlango, na hatafungua mwingine maishani mwake. Watu watasema ulichokuwa ukikisema chote kilikuwa cha kumpatia binti yako mume." Alikishika kibuyu mkononi mwa baba yake, akakivuta. Baba alikishikilia kidogo, kisha akakiachia, na mabega yake yakashuka.

"Twaweza kuoana bila hayo maji," Miraj alisema, bado amepiga magoti. "Tryphena. Mimi na wewe tu. Twende Mombasa. Wewe kanisani kwako, mimi msikitini kwangu, kama tulivyopanga."

Hapa ndipo Tryphena alipomtazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Aliziona zile kope ndefu, na alama ya sindano kwenye kidole cha shahada, na ule mdomo uliomchekesha. Alimpenda. Alimpenda sana siku ile kuliko siku zote, na angetoa chochote aweze kusema "twende".

"Nitaolewa nawe," alisema, "na tutafurahi mwezi, pengine mwaka. Halafu mtoto atapata homa. Watoto hupata homa, Miraj. Na mimi nitakaa kitandani pake nikiuona mkono wako ukipita kifuani. Sitasema kitu. Nitakupikia, nitakufulia, na kila siku nitakuwa nakuchukia kidogo, bila wewe kujua. Hiyo ndiyo hasira mama aliyokuwa akinieleza. Ya baba ilikwisha Jumamosi ile. Iliyobaki ni yangu."

"Basi nisamehe."

"Nataka kukusamehe, na nikiuona mkono huo kila siku sitaweza. Ndiyo maana siwezi kwenda nawe."

Miraj alifunika uso. Mwalimu aligeuka akatazama milima ya Sagalla ng'ambo ya bonde, kwa kuwa hakutaka kijana alie mbele ya mzee anayemtazama. Tryphena akapiga magoti naye, wakawa wanatazamana vumbini kama walivyotazamana siku ya utepe.

"Mimi sikuahidi mbele ya baraza," alisema. "Wala simfundishi mtu, na kutasa si kwa wazazi pekee. Kama ni dhambi nitaiungama mwenyewe Jumapili. Lakini sitaki uteremke na hasira yangu mgongoni. Utaoa, Miraj. Utazaa. Sitaki nije nisikie mtoto wako ameugua nikajiuliza kama ni mimi."

"Sitaki kuoa mwingine."

"Utaoa. Tulia sasa."

Akachukua funda la maji. Miraj hakufumba macho. Alimtazama moja kwa moja, kama mtu anayekadiria kipimo asichotaka kukisahau. Tryphena alimpulizia kifuani, mara mbili, juu ya darizi, na tone moja likaruka likatua shavuni pa Miraj likachanganyika na machozi. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili alielewe kila neno:

"Kama nina hasira nawe ninayoijua, na iondoke. Kama nina hasira nisiyoijua, na iondoke. Nenda kwa amani. Zaa kwa amani."

"Amina," alisema Mwalimu bila kugeuka.

"Amina," alisema Miraj.

Alisimama, akavaa kofia yake, akaupa mkono wa Mwalimu busu, akatoka uani. Tryphena alisogea mpaka kwenye nguzo ya uzio na kumtazama akiteremka, kanzu imemganda kifuani, mikono ameiweka mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Alipofika kwenye kona ya mwisho upepo ulimpiga usoni, na mkono wake wa kulia ukainuka nusu. Tryphena alishika nguzo.

Mkono ukasimama hewani, ukashuka. Miraj akaendelea na njia, akayaacha maji yakauke yenyewe.